Dawa ya sindano ikikaa vibaya, mfugaji wa Kilosa hupoteza mara mbili

WILAYA ya Kilosa, mkoani Morogoro, ni miongoni mwa maeneo yenye mifugo mingi katika mkoa huo. Katika vijiji kama Twatwatwa na Parakuyo, ng'ombe ndiyo benki, ndiyo ada ya shule na ndiyo mahari. Upande wa kusini upo mji mdogo wa Mikumi, uliopo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko nyati na wanyamapori wengine hubeba vimelea vya nagana, na ndorobo huvihamishia kwa ng'ombe na punda.

Kwa sababu hiyo, sindano ni kifaa cha kawaida katika boma la mfugaji, sawa na kibuyu cha maziwa. Tatizo ni kwamba wengi huijua bei ya dawa kuliko namna ya kuitunza.

Hasara ya mahali pa jua

Chukua mfano wa oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ambayo wafugaji huiita OTC. Kipimo chake cha kawaida kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25, hivyo chupa ya mililita 100 inatosha ng'ombe wanne tu. Chupa hiyo ikiachwa dirishani au juu ya dashibodi ya gari kutoka Kilosa hadi Mikumi, jua na joto huanza kuiharibu. Mfugaji hupoteza fedha ya dawa, kisha hupoteza ng'ombe aliyedhani amemtibu.

Dawa nyingi za aina hii hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 25 au 30, mbali na mwanga. Nyumba ya bati mchana huweza kupita kiwango hicho. Mfugaji asiye na jokofu anaweza kuweka dawa ndani ya boksi lake, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko, sehemu ya chini kabisa ya chumba chenye kivuli, mbali na watoto na mbali na viuatilifu vya shambani. Dawa iliyobadilika rangi kuliko kawaida yake, iliyoganda au yenye chembechembe zisizotarajiwa isitumike.

Chanjo ni jambo jingine. Chanjo nyingi, zikiwamo za homa ya mapafu ya ng'ombe, kimeta na chambavu, hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zisafirishwe kwenye kasha lenye barafu na zisigandishwe kama lebo hairuhusu. Chanjo ya ndigana kali huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri, hivyo hiyo ni kazi ya mtaalamu peke yake.

Mwenye duka la dawa za mifugo naye anahusika. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina lebo, haina tarehe ya mwisho wa matumizi wala namba ya toleo. Mnunuzi asiipokee. Dawa za mifugo nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019.

Namna ya kuvuta dawa

Kabla ya kuvuta, osha mikono na usome lebo. Tikisa chupa kama dawa ni ya kutuama, mfano penisilini. Futa kizibo cha mpira kwa pamba yenye spiriti na uache kikauke.

Vuta hewa ndani ya bomba kwa kiasi sawa na dawa unayohitaji, choma kizibo, sukuma hewa hiyo ndani, kisha pindua chupa. Ncha ya sindano ibaki ndani ya dawa. Gonga bomba kwa kidole ili mapovu yapande, uyatoe, halafu soma kipimo bomba likiwa usawa wa macho.

Kwa kundi kubwa, acha sindano moja safi kwenye kizibo kwa ajili ya kuvutia tu, na utumie nyingine kuchomea. Sindano iliyotoka kwenye mwili wa ng'ombe isirudi kwenye chupa, kwa kuwa huingiza uchafu katika dawa yote iliyobaki. Mabaki ya bomba pia yasirudishwe, na dawa mbili zisichanganywe ndani ya bomba moja.

Dawa ya unga ya nagana aina ya diminazini huchanganywa na maji safi yaliyotakaswa kwa kipimo cha lebo. Pakiti ya gramu 1.05 za dawa yenyewe humtosha mnyama wa kilo 300. Kuigawa kwa ng'ombe wawili wakubwa si kubana matumizi. Ni kuwafundisha vimelea kuizoea dawa.

Wanaotumia chanjo hai wajihadhari na spiriti ndani ya bomba, kwani huua chanjo hiyo. Bomba la chuma au kioo lichemshwe kwa dakika 20 na kuachwa lipoe.

Sindano moja, mnyama mmoja

Damu kidogo iliyobaki kwenye sindano inatosha kuhamisha ndigana baridi. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007, Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika, na ugonjwa huo nao huweza kusambazwa na sindano moja inayozunguka zizi zima. Mchomaji naye yumo hatarini. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye kopo gumu lenye mfuniko, si kutupwa malishoni.

Punda si ng'ombe mdogo

Mwaka 1871, msafiri Henry Morton Stanley alipoteza farasi wake wawili hata kabla ya kufika eneo la Morogoro ya leo. Farasi bado ni wachache, lakini punda ni mbeba maji wa kila siku. Wanyama hawa hawavumilii diminazini kama ng'ombe, na tilmikosini inayotumika kwa ng'ombe huweza kuua farasi. Penisilini yenye prokaini ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kumwangusha farasi papo hapo. Kwa hiyo baada ya kuchoma msuli, vuta nyuma kwanza. Ukiona damu, chomoa.

Kabla ya kumchoma punda, mfugaji amwone ofisa mifugo wa kata. Aandike pia tarehe, dawa na kipimo katika daftari, ili ajue siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kupeleka mnyama mnadani. Daftari hilo ni bei ya kalamu moja, lakini humwezesha kumjibu mnunuzi bila wasiwasi.