Tita la Nyaya za Gari: Kazi ya Mikono na Somo la Umeme

Mwalimu-mwanafunzi apewapo mada ya umeme katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huchora ubaoni betri moja, swichi moja na taa moja, kisha huviunganisha kwa mstari unaozunguka na kurudi pale ulipoanzia. Mchoro huo si mbaya. Lakini mtoto wa Mkuyuni au Nyandira amekwisha kuona nyuma ya taa ya gari, na huko ameona waya mmoja tu ukiingia. Waya wa kurudi hakuuona. Akiuliza uko wapi, mwalimu ambaye hajapata kushika nyaya za gari hukosa la kusema. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi moja ya karakana, yaani kuondoa nyaya zilizochakaa katika Land Rover ya zamani na kufunga tita jipya, lile ambalo mafundi huliita wayaringi, na jinsi kazi hiyo inavyomwandaa mwalimu kulijibu swali la mtoto huyo.

Tumechagua Land Rover kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba gari hili, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, laweza kufunguliwa na kufungwa kwa spana za kawaida. Vyombo vyake vya umeme ni vichache, na waya wake waweza kufuatwa kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo gari la siku hizi lenye kompyuta haliruhusu kwa urahisi. Sababu ya pili yatuhusu sisi wa Morogoro. Mji wetu uko chini ya milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, na barabara za milimani hupanda kwa kona kali, ukuta wa mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili. Land Rover kuukuu ambazo zingali zikifanya kazi katika njia kama hizo hubeba wagonjwa, mbegu, saruji ya shule na walimu wenyewe. Taa zikizimika ghafula usiku katika kona ya namna hiyo, dereva hana nafasi ya kutafuta kosa.

Nyaya hufa polepole. Katika magari ya awali kila waya ulivikwa mpira, na juu ya mpira ukasukwa uzi wa pamba. Baadaye plastiki ikachukua mahali pa vyote viwili. Mpira hukaushwa na joto la injini, ukapasuka na kumomonyoka. Mvua za miteremko ya mashariki ya Uluguru ni nyingi, na unyevu ukishaingia palipopasuka hutambaa kati ya nyuzi za shaba na kuzigeuza kuwa nyeusi au kijani. Shaba iliyofikia hali hiyo haishiki vizuri risasi ya kulehemu. Juu ya hayo huja viraka: waya wa nyumba umeungwa na waya wa redio, kiungo kikavikwa tepu, na kila fundi aliyepita ameacha fumbo lake. Gari likifika hapo, twaona kwamba kuongeza kiraka kingine ni kupoteza fedha.

Hatari kubwa kuliko giza ni moto. Betri ya volti 12 haimrushi mtu akiigusa, na kwa hiyo wengi huidharau. Lakini yaweza kutoa mamia ya ampea kwa muda mfupi, kiasi cha kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu kama kaa. Katika Land Rover nyingi za zamani fyuzi ni chache, na nyaya kuu za kahawia zinazotoka kwenye betri hazipiti katika fyuzi yoyote. Ganda lake likichubuka na shaba ikagusa bodi, hakuna kitakachoukata umeme mpaka waya wenyewe uungue, na pengine gari pamoja nao.

Kazi basi huanza kwenye betri. Hufunguliwa kwanza ncha iliyofungwa kwenye bodi, ndipo ile nyingine. Mwalimu asiishie kuamuru. Awaulize wanachuo sababu. Ukianza na ile nyingine, na spana ikateleza ikagusa chuma cha karibu, umeme hupata njia fupi kupitia spana hiyo hiyo. Lakini ncha ya bodi ikiisha kufunguliwa, spana yaweza kugusa popote, kwa kuwa umeme hauna tena njia ya kurudi. Wakati wa kufunga, utaratibu hugeuzwa: ncha ya bodi huwa ya mwisho. Hapo hapo yafaa kutazama ni ncha ipi iliyofungwa bodini. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi zilitumia ncha chanya, na za baadaye hasi. Mwenye kufuata mazoea bila kutazama aweza kuigeuza betri na kuiua altaneta kabla injini haijanguruma.

Baada ya hapo mikono ikae mbali na koleo kwa siku nzima. Kila waya hufungiwa kipande cha karatasi ngumu chenye namba, na namba hiyo huandikwa daftarini pamoja na majibu ya maswali matatu: umeme watoka wapi, wafanya kazi gani, na warudi kwa njia ipi? Rangi zitasaidia sana, kwa sababu watengenezaji wa magari wa Uingereza wa wakati huo walifuata utaratibu mmoja. Kahawia hupata umeme wa betri wakati wote. Nyeupe huupata ufunguo ukiwashwa. Kijani hutoka kwenye fyuzi baada ya ufunguo na kulisha indiketa, geji na taa za breki. Buluu ni ya taa kubwa, nyekundu ya taa ndogo, na nyeusi hurudisha umeme bodini. Waya wenye mstari wa rangi ya pili ni tawi la ule mkuu: kijani chenye mstari mwekundu huenda kwenye indiketa ya kushoto, na chenye mstari mweupe huenda ya kulia. Mwalimu wa Kiswahili angesema kwamba rangi ya msingi ni mzizi wa neno na mstari ni kiambishi. Mwanachuo akizikariri rangi hizi kitandani atazisahau baada ya mtihani. Akizifuata kwa kidole chini ya dashibodi zitabaki naye.

Kung'oa na kuingiza kwenyewe si kazi ya maelezo mengi. Tita la zamani hulazwa chini kama lilivyokuwa garini, na jipya hulazwa kandoni mwake, tawi kwa tawi, ili urefu ulinganishwe kabla ya lolote kukatwa. Sehemu iendayo kwenye taa za nyuma hupita ndani ya fremu ya chesi ambamo mkono hauingii. Kwa hiyo, kabla ya kuivuta, mwishoni mwake hufungwa kamba imara. Waya wa zamani ukitoka, kamba hubaki ndani, nayo ndiyo itakayouvuta waya mpya. Kila tundu la chuma lipitalo waya liwe na pete yake ya mpira, na tita likae mbali na bomba la moshi. Asiyejali pete za mpira atairudia kazi hii baada ya miaka michache.

Sasa twafika kwenye swali la yule mtoto. Waya wa kurudi ni gari lenyewe. Umeme ukishapita katika taa huingia kwenye bodi, hupita kwenye chesi, na kuifikia betri kwa ile ncha tuliyoifungua kwanza. Mafundi huiita njia hiyo ethi, ingawa haina uhusiano wowote na ardhi, kwa maana gari limesimama juu ya mipira. Katika Land Rover njia hii ina udhaifu wake. Sehemu kubwa ya bodi ni ya aluminiamu na chesi ni ya chuma cha pua la kawaida, yaani kile kishikacho kutu. Madini hayo mawili yakigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Ndiyo maana gari laweza kufungiwa nyaya mpya kabisa na taa zake zikabaki hafifu.

Hesabu yake ni nyepesi. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja hutumia jumla ya wati 120; tukigawa kwa volti 12 twapata ampea 10. Kama mahali pa ethi pana ukinzani wa omu 0.2 tu, zidisha kwa ampea 10, nawe waona kwamba karibu volti 2 zimepotea kabla ya kuzaa mwanga wowote. Dawa yake ni msasa. Rangi na kutu hukwanguliwa mpaka chuma king'ae, nati hukazwa, kisha grisi hupakwa juu ili maji yasiingie. Ethi mbovu ina tabia nyingine ya ajabu: dereva huwasha indiketa, na taa nyingine za upande ule ule nazo hupepesa. Umeme uliokosa njia ya kurudi umetafuta nyingine kupitia taa ya jirani. Tunalipenda fumbo hili kwa sababu halitatuliwi kwa kukariri.

Tita jipya lisiunganishwe na betri moja kwa moja. Chukua taa ya gari ya volti 12 na wati 21, uiweke kati ya ncha ya betri na waya wake. Swichi zote zikiwa zimezimwa, taa hiyo isiwake. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti mahali fulani. Lakini kwa kuwa taa hairuhusu kupita zaidi ya ampea 1.75 hivi, hapana kitakachoungua, na fundi ana wakati wa kuchomoa waya mmoja mmoja mpaka taa izimike. Shoti iko katika waya uliochomolewa mwisho. Zikiwashwa taa ndogo, ile ya kupimia itawaka kidogo tu, kwa maana umeme mmoja wapita kotekote. Wanachuo wengi huelewa hapo kwa mara ya kwanza maana ya kuunga taa kwa mfululizo.

Darasani hatuhitaji gari, wala betri yake isipelekwe huko. Ina asidi, na ikichajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Betri mbili za tochi, balbu yake, vipande vya waya na kopo tupu la maziwa vyatosha. Balbu ishikizwe kwenye kopo kwa ubavu wake, waya mmoja uende kwenye kitako cha balbu, na mwingine utoke upande wa pili wa kopo kurudi kwenye betri. Balbu itawaka. Kisha waya wa kurudi ugusishwe mahali penye rangi ya kopo, nayo itazimika. Mwanafunzi akwangue rangi kwa msumari, na mwanga utarudi. Amekwisha kuiona ethi, nzuri na mbovu. Darasa likiwa na baiskeli yenye dainamo, watoto waitafute njia ya kurudi wao wenyewe, maana aghalabu waya ni mmoja na fremu ndiyo mwenzake.

Wakiuliza ni kitu gani huuzuia umeme usivuke, wapewe mpira, plastiki, mti mkavu na ulanga. Ulanga, lile jiwe ling'aalo lenye matabaka kama karatasi, ulichimbwa katika milima yetu ya Uluguru tangu enzi ya Wajerumani, nao ndio huwekwa baina ya vipande vya shaba ndani ya dainamo za magari ya zamani.

Tita lililong'olewa lisitupwe. Penye shaba ingali nyekundu pakatwe vipande vya sentimita 30, ncha zisafishwe, na kila kundi la wanafunzi lipewe vitatu. Mchoro wenye namba nao unakiliwe mara mbili: nakala moja ikae maktabani, ya pili ifungwe katika plastiki na kuwekwa garini chini ya kiti cha dereva.