Kayongo: Adui Anayekula Chini ya Udongo

Ndugu wakulima, ni nani Nyanza na Magharibi asiyelijua gugu la kayongo, yaani striga? Maua yake ya zambarau yanapendeza, lakini mahindi yamedumaa. Hushika mizizi ya mahindi na kuinyonya kabla ya kutokeza juu. Ukiliona, limeshakula!

Gugu moja hutoa mbegu maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Fanyeni hivi:

1. Ling'oeni kabla halijachanua, mlichome. Msilitupe kwenye samadi.

2. Pandeni desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na mistari 3 ya nepia kuzunguka shamba. Hii ndiyo "sukuma-vuta", iliyoanzishwa na watafiti wa ICIPE miaka ya 1990. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia kushika mahindi, zikafa. Harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua. Nepia huwavuta nje.

Desmodiamu na nepia ni chakula cha ng'ombe pia.

Msichoke mapema, kwa maana mbegu hizo hazimalizwi na msimu mmoja. Na shamba moja likiachwa, upepo, maji ya mvua na majembe ya kuazimana yatazipeleka kwa jirani. Basi kazi hii na iwe ya kikundi kizima.