Kazi ya Kutunza Wazee kwa Aliyevuka Miaka Arobaini: Yafahamu Haya Kabla ya Kulipa Ada au Kupokea Malipo

Kwa muda mrefu utunzaji wa wazee nchini umekuwa jukumu la familia, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa taasisi ya msingi katika jambo hili. Mzee, kwa mujibu wa sera hiyo, ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Hata hivyo, kazi ambayo zamani ilifanywa bila kuhesabiwa sasa imeanza kununuliwa na kuuzwa: wapo wanaolipa ili watunziwe wazazi, wapo wanaolipwa kwa kuwatunza, na wapo wanaouza mafunzo ya kazi hiyo. Mahali penye malipo pana mkataba, hata kama haukuandikwa, na pana uwezekano wa mtu kupunjwa.

Hali ya Nalasi, katika Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, inafanana na ya vijiji vingi vya kusini. Vijana huondoka kwenda Songea, Mtwara au Dar es Salaam, na wazazi hubaki na mikorosho yao. Katika jamii ya Wayao, ambayo hufuata ukoo wa mama, binti alitarajiwa kuishi karibu na mama yake, na mjomba mzee alikuwa na wapwa wa kumwangalia. Binti anapohamia mjini, nafasi yake huchukuliwa na mtu mwingine, na kwa kawaida mtu huyo si msichana wa miaka 18. Ni mwanamke, mara chache mwanamume, aliyevuka miaka arobaini au hamsini, ambaye watoto wake wamekua na ambaye amewahi kuuguza mkwe au mzazi wake mwenyewe. Uzoefu huo ni mtaji halisi. Tatizo ni kwamba mwenye nao huutoa bure bila kujua, au huambiwa kwamba hauna thamani mpaka alipie cheti.

Hela ya sabuni au mshahara?

Chukua mfano wa kawaida. Mtoto aliyeko mjini anampigia jirani wa mama yake: “Mama, naomba unisaidie kumwangalia bibi, nitakutumia chochote cha sabuni.” Mwezi wa kwanza zinaingia shilingi 40,000 kwa simu, mwezi wa pili 40,000, na wa tatu hivyo hivyo. Jirani anaamka usiku mara mbili, anamwogesha mzee, anampikia, anamfulia na kumpeleka zahanati. Baada ya nusu mwaka amepunguza palizi ya shamba lake mwenyewe, kwa kuwa hawezi kumwacha mgonjwa peke yake. Pande zote mbili bado zinaiita ile fedha ya sabuni.

Fedha inayolipwa kila mwezi, kwa kazi iliyo wazi, chini ya maelekezo ya anayelipa, ina sura ya mshahara. Jina mnaloipa haliibadilishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamlinda mfanyakazi wa nyumbani kama inavyomlinda wa kiwandani. Muda wa kawaida wa kazi hauzidi saa 45 kwa wiki wala saa 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Kuhusu kiwango, amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na shilingi 120,000 kwa asiyeishi kwa mwajiri. Viwango hivyo vilikuwa vya kaya za kawaida. Waajiri kama wanadiplomasia waliwekewa viwango vya juu zaidi. Amri mpya ya sekta binafsi ilitangazwa Oktoba 2025 ili ianze kutumika Januari 2026, hivyo uliza kiwango cha sasa katika ofisi ya kazi ya mkoa kabla ya kupatana. Jirani wa mfano wetu, anayelala kwake na kwenda kwa mzee kila siku, hakufikia hata nusu ya kiwango kile cha mwaka 2023.

Ndugu wa damu akimtunza mzazi wake, suala la kama yeye ni mwajiriwa linaweza kubishaniwa. Hapo ndipo kikao cha familia kinapohitajika zaidi, na kumbukumbu yake iandikwe: nani atakaa na mzee, nani atatuma kiasi gani na tarehe ngapi, nani atakuja kumpokea mtunzaji apumzike, na mazao ya mikorosho ya mzee yatagharimia nini. Ni maoni yetu kwamba familia nyingi hugombana si kwa sababu ya uchoyo, bali kwa sababu kila mmoja alikumbuka mapatano yake.

Kwa asiye ndugu, mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na endapo mfanyakazi hayaelewi, afafanuliwe kwa namna anayoielewa. Karatasi moja ya daftari inatosha ikiwa na majina, tarehe ya kuanza, kazi zenyewe, saa, siku ya mapumziko, malipo na saini za wote wawili mbele ya shahidi. Andika pia yasiyohusika. Kumtunza mzee si kulima shamba lake, wala si kuwapikia wajukuu watano waliokuja likizo.

Lipo jambo moja ambalo watu huona aibu kulitaja mapema, nalo ni kifo cha mzee. Kazi hii, tofauti na nyingine, ina mwisho unaojulikana. Mtunzaji huwa msibani kama mfiwa, na baada ya arobaini hugundua kwamba hana kazi wala hakuna aliyezungumza naye. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, au malipo badala yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, na ambaye ajira yake imesitishwa na mwajiri bila kosa lake la utovu wa nidhamu, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Yaandikwe haya mzee angali hai. Si kumtakia mauti.

Mtunzaji si muuguzi

Uuguzi ni taaluma yenye leseni inayotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mtunzaji hachomi sindano kwa kukisia, habadilishi dozi ya dawa ya presha kwa kuwa mzee “anaonekana nafuu”, na hapaki dawa za kienyeji juu ya kidonda bila kuuliza zahanati. Kozi ya wiki chache haiwezi kumfanya mtu kuwa muuguzi, na anayeitangaza hivyo anapotosha.

Kazi halisi ya mtunzaji ni ya macho na mikono. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili, kwa maana ngozi ya visigino, nyonga na mgongo wa chini hufa kwa kugandamizwa. Wekundu usioondoka ni onyo la kidonda kinachokuja. Maji apewe kidogo kidogo mchana kutwa, kwani kiu hupungua uzeeni na mzee anaweza kukaukiwa bila kulalamika. Njia ya chooni iwe na mwanga usiku na isiwe na mkeka uliokunjamana, maana kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kunaweza kumlaza moja kwa moja. Mzee aliyenyong’onyea ghafla upande mmoja, mdomo ukaenda kombo au maneno yakapotea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hizo ni dalili za kiharusi.

Kusahau kupita kiasi, kutangatanga usiku na kumtuhumu kila mtu kwamba ameiba ni dalili za ugonjwa wa ubongo. Nchini mwetu wapo wanawake wazee waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Mtunzaji anayeuelewa ugonjwa huu na kuueleza kwa majirani humlinda mzee zaidi ya dawa yoyote iliyomo kabatini.

Mtunzaji mwenye miaka 50 naye ana mwili wake. Kabla ya kukubali kazi, apime shinikizo la damu na sukari, na ajifunze kumwinua mtu kwa kukunja magoti badala ya kupinda mgongo. Mzee mzito huinuliwa na watu wawili. Jambo hilo nalo liingie kwenye mapatano.

Kabla ya kulipa ada

Msimu wa korosho ukianza, mnada ukafanyika na fedha zikaingia kwenye akaunti za wakulima, wauzaji wa kila kitu huifuata hiyo fedha. Mafunzo ya “utunzaji wa wazee yenye ajira ya uhakika” ni bidhaa kama pikipiki au mabati, na mlaji ana haki ya kuikagua.

Anza na usajili. Vyuo vya ufundi na ufundi stadi husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Omba namba ya usajili, kisha iulizie kwa baraza lenyewe, si kwa namba ya simu uliyopewa na chuo. Uliza pia ikiwa kozi hiyo hasa imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali kwa ushonaji na kikauza kozi isiyotambuliwa. Uliza ni hospitali au makazi gani ya wazee yatakayowapokea wanafunzi kwa vitendo. Mafunzo ya kutunza wazee yasiyomgusisha mwanafunzi mzee hata mmoja hayafai kulipiwa. Lipa kwa awamu, kwa akaunti yenye jina la chuo, na udai risiti. Neno “uhakika” liandikwe: kama ajira ni ya uhakika, chuo kiweke kwa maandishi kwamba kitarejesha ada endapo haitapatikana. Wengi hukataa hapo, nawe utakuwa umepata jibu lako.

Pengine hata huhitaji kulipa. Mzee anaporuhusiwa kutoka wodini, iwe Mbesa, Peramiho au hospitali ya wilaya, mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kumgeuza, kumsafisha na kumlisha, nawe urudie mbele yake. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko daftari zima la nadharia.

Ahadi za ng’ambo zinahitaji tahadhari ya pekee. Oman na nchi nyingine za Ghuba zimepokea Watanzania wengi katika kazi za nyumbani, ambamo kutunza wazee huingizwa bila kutajwa. Uingereza nayo ilikuwa ikitoa viza kwa watunzaji kutoka nje, lakini tarehe 22 Julai 2025 ilifunga njia hiyo kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo. Anayekuuzia leo nafasi ya namna hiyo anakuuzia mlango uliofungwa. Wakala wa ajira sharti awe na kibali, na kibali hicho huthibitishwa na TaESA. Usimkabidhi mtu pasipoti wala hati ya shamba kama dhamana ya safari. Mikorosho huchukua miaka kuzaa, na hati ikishatoka mkononi ni kazi kuirejesha.

Akiba ya mtunzaji mwenyewe

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi isiyozidi nusu yake. Pensheni ya kila mwezi inahitaji miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 50 hatafikisha idadi hiyo atakapofika 60, na atalipwa kwa mkupuo. Ikiwa uliwahi kuchangia ujanani, labda katika kiwanda au shule, itafute namba yako ya uanachama, kwa kuwa miezi ile bado inahesabika.

Pa kupeleka malalamiko

Chuo au wakala aliyekudanganya kuhusu huduma anaweza kuwa amekiuka Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha walaji. Lalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani likiwa na risiti, tangazo na ujumbe wa simu, hivyo usifute ujumbe. Mzee anayenyimwa chakula, kupigwa au kunyang’anywa mali aripotiwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii au polisi, hata kama anayemtendea ni mwanawe. Migogoro ya ajira hupokelewa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na usuluhishi wake hautozwi ada. Kutoka Tunduru mjini hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250, kwa hiyo piga simu kwanza uulize nyaraka zinazohitajika, na hesabu siku zako vizuri: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kuwasilisha lalamiko, na mwenye dai la mshahara au lingine ana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Muda huo ukipita, itakubidi kwanza uiombe Tume ikubali kukusikiliza, nawe ueleze sababu ya kuchelewa.