Simba wa Uzioni na Sheria Isiyomwona

Julai 2015, daktari wa meno kutoka Marekani alimpiga mshale simba dume nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe. Simba huyo, Cecil, alikuwa na umri wa miaka 13 na shingoni alivaa kola ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Dunia ikapiga kelele. Miezi michache baadaye serikali ya Zimbabwe ikasema nyaraka za mgeni huyo zilikuwa sawa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikafuta mashtaka dhidi ya mwindaji bingwa aliyemwongoza.

Kwa wengi, uwindaji wa simba kusini mwa Afrika ni kisa cha Cecil basi. Kwangu mimi kesi nzito zaidi ziko ng'ambo ya mto Limpopo, Afrika Kusini, ambako simba wengi hawajawahi kumkimbiza hata swala mmoja. Ni simba wa kufugwa. Makadirio yanayotajwa ni kati ya 8,000 na 12,000, katika mashamba zaidi ya 300. Simba wa porini wa nchi hiyo hawafiki nusu yao.

Biashara yenyewe huenda hivi. Mtoto wa simba huondolewa kwa mama yake akiwa na siku chache tu, akanyonyeshwa kwa chupa na vijana wa Ulaya na Marekani wanaodhani wanahifadhi wanyama (na wanalipa, hawalipwi). Akikua kidogo, watalii hupiga naye picha, kisha hutembea naye. Dume akishaota manyoya marefu ya shingoni, picha yake huwekewa bei na mteja huchagua. Hapo hufunguliwa ndani ya uzio mwingine mpana zaidi. Katika jimbo la North West ilitosha akae humo saa 96 kabla ya kupigwa risasi. Mnyama aliyezoea kuona gari likimletea nyama hana sababu ya kulikimbia. Ngozi na kichwa huenda na mteja. Mifupa ilikuwa ikisafirishwa Asia.

Mwaka 1997 televisheni ya Uingereza ilionyesha jike akipigwa risasi huku watoto wake wakiwa upande wa pili wa waya. Serikali ya Afrika Kusini ilichukua miaka kumi kutunga kanuni. Kanuni za 2007 zilitaka simba wa kufugwa aachiwe miezi 24 ajiwindie mwenyewe kabla ya kuwindwa. Wafugaji walijua hakuna anayeweza kumsubirisha mteja miaka miwili, wakaenda mahakamani. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Rufani ikawapa ushindi. Sheria iliyompa waziri wa mazingira mamlaka, mahakama iliona, ilihusu uhifadhi wa bioanuwai; simba hawa hawarudi porini, kwa hiyo miezi 24 haihifadhi chochote. Hoja hiyo inaudhi, ila kisheria si rahisi kuipangua. Sheria ilikuwa inalinda spishi, na spishi haikuwa hatarini kwa sababu ya simba aliyezaliwa bandani. Maumivu yake hayakuwa na kifungu.

Kifungu kilipatikana kwa njia ya mifupa. Serikali iliruhusu mifupa ya simba 800 isafirishwe mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikatoa mgawo mwingine. Baraza la taifa la kuzuia ukatili kwa wanyama likashtaki. Agosti 2019, Jaji Jody Kollapen wa Pretoria akaamua kwamba waziri alivunja sheria kwa kutojali ustawi wa simba wenyewe alipopanga migawo hiyo. Kwa mara hii mahakama ilimtazama mnyama mmoja mmoja. Mei 2021 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Barbara Creecy, akatangaza kwamba ufugaji wa simba kibiashara utakomeshwa.

Uwindaji wa porini ni suala gumu zaidi, na sikubaliani na wanaouweka kapu moja na huu wa uzioni. Botswana iliufunga mwaka 2014, ikaufungua tena 2019 baada ya malalamiko ya wanavijiji. Zambia ilizuia kuwinda simba na chui mwaka 2013, ikalegeza ndani ya miaka mitatu. Kitalu kisicho na mwindaji wala mtalii wa kamera hugeuka shamba au malisho, na simba akila ng'ombe hutegewa sumu. Zipo pia kanuni zenye akili: Tanzania hairuhusu kuwindwa simba wa chini ya miaka sita, kanuni iliyotokana na utafiti wa Serengeti, kwa sababu dume kijana akiuawa, madume wageni huingia katika kundi na kuua watoto aliowaacha. Mwindaji bingwa hukadiria umri kwa kutazama, pamoja na mengine, weusi wa pua.

Wafugaji hujitetea kwamba wanatoa ajira na kuwapunguzia simba wa porini bunduki. Ajira zipo, sikatai. Lakini uwindaji wa uzioni haulindi ekari moja ya pori, haumfidii mwanakijiji aliyepoteza ng'ombe, na haudai hata ustadi wa kufuata nyayo. Tangazo la waziri haliwezi kudumu kuliko waziri mwenyewe. Bunge la Afrika Kusini liandike marufuku hiyo katika sheria, lisingoje jaji mwingine alifanyie kazi yake.