MASHINE ZILIPOINGIA MAREKANI, NANI ALIPUMZIKA?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Darasani tunaambiwa kwamba mashine ni maendeleo, na maendeleo humpunguzia binadamu kazi. Mimi nami niliamini hivyo mpaka nilipodurusu jinsi viwanda vilivyoanza nchini Marekani. Msomaji, hebu tufuatane polepole, kwani safari hii itatufikisha hadi Unguja.

Marekani ilipojipatia uhuru kutoka kwa Waingereza, watu wake wengi walikuwa wakulima. Nguo zilitengenezwa nyumbani. Akina mama na binti zao walisokota uzi kwa gurudumu, wakafuma kitambaa, kisha wakashona. Shati moja tu lilikuwa kazi ya siku nyingi.

Wakati huo Waingereza walikuwa na mashine za kusokota uzi, lakini sheria yao ilikataza mashine hizo na hata mafundi wake kutoka nchini. Mwaka wa 1789 kijana mmoja aitwaye Samuel Slater aliabiri meli kimyakimya, siri yote ameibeba kichwani. Mwishoni mwa 1790 mashine zake zilianza kuzunguka kwa nguvu za maji huko Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island. Na wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa akina nani? Watoto tisa, wa umri wa miaka 7 hadi 12! Kumbe ni rika la wadogo zetu wa shule ya msingi.

Viwanda navyo vilitaka pamba. Pamba ilimea vizuri kusini, ila mbegu zake ziling'ang'ania nyuzi kama kupe. Mtu akichambua kwa mkono kutwa nzima alipata kama nusu kilo tu. Mwaka wa 1793 Eli Whitney aliunda mashine ya kuchambua pamba. Ilikuwa na gogo lenye meno ya waya lililovuta nyuzi kupitia nafasi nyembamba, mbegu zikabaki nyuma kwa kuwa hazingeweza kupenya. Sasa mtu mmoja aliweza kusafisha zaidi ya kilo 20 kwa siku. Si mchezo!

Bila shaka utafikiri mtumwa wa shambani alipata nafuu. Wapi! Mashine ile ilichambua tu, haikulima wala haikuchuma. Kwa kuwa pamba ilikuwa imeanza kuleta pesa nyingi, matajiri walifungua mashamba mapya Alabama na Mississippi, na kila shamba lilitaka mikono. Mwaka wa 1790 watumwa walikuwa kama 700,000. Kufikia 1860 walikaribia 4,000,000. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku mwaka wa 1808, lakini ndani ya nchi waliendelea kuuzwa kama mbuzi, mtoto huku na mama kule. Utumwa huo ulikomeshwa mwaka wa 1865, baada ya vita vikali.

Kule kaskazini, mji wa Lowell ulichipuka katika jimbo la Massachusetts miaka ya 1820. Wasichana wengi, baadhi yao wa umri wangu, waliacha mashamba ya baba zao wakaenda kuajiriwa viwandani. Kengele iliwaamsha, kengele ikawalaza. Walifanya kazi saa 12 au 13 kwa siku. Hata hivyo, walishika pesa zao wenyewe, walisoma usiku, na tangu 1840 walikuwa na gazeti lao lililoitwa The Lowell Offering. Mishahara ilipopunguzwa mwaka wa 1834 waligoma. Hawakushinda, lakini sauti yao ilisikika.

Usafiri nao ulibadilika. Mwaka wa 1807 merikebu ya mvuke ya Robert Fulton ilisafiri kutoka New York hadi Albany, kilomita 240 hivi, kwa saa 32. Mwaka wa 1825 Mfereji wa Erie ulifunguliwa, na gharama ya kusafirisha mizigo ikashuka sana. Mkulima wa ndani sasa aliweza kuuza ngano yake mjini.

Bidhaa hizo hazikuishia kwao. Mwaka wa 1833 Marekani na Sayyid Said walitia sahihi mkataba wa biashara. Meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilileta vitambaa vya pamba Unguja, zikarudi na pembe za ndovu. Misafara ilivibeba vitambaa hivyo hadi bara, vikatumika kama pesa. Watu waliviita merikani. Hadi leo nyanya yangu akitaka kitambaa kisichotiwa rangi humwambia fundi, "Nipe merikani." Yeye hajui, nami sikujua, kwamba neno hilo limebeba jasho la mtumwa aliyechuma pamba na la msichana aliyeifuma.

Ndugu msomaji, sisemi mashine ni mbaya. Nani angependa kusokota uzi wa shati lake? Ninachosema ni kwamba mashine haichagui wa kumpumzisha, wanaochagua ni watu. Basi ikiletwa mashine mpya kwetu, tusishangilie tu kasi yake. Tuulize pia: nani atapumzika, na nani ataongezewa mzigo?