Mhunzi Aliyenyimwa Jina la Mji, Akapewa Mji Wenyewe

Wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanamjua John Deere kwa rangi: trekta la kijani, rimu za njano, paa akiruka ubavuni. Ni wachache wanaojua kwamba Deere alikuwa mtu, tena mhunzi, na kwamba trekta lenye jina lake hakuliona. Alifariki mwaka 1886; kampuni iliingia kwenye biashara ya matrekta mwaka 1918.

Alizaliwa Rutland, Vermont, mwaka 1804. Baba yake, fundi cherehani, alipanda meli kwenda Uingereza asirudi tena. Kijana akajifunza uhunzi mjini Middlebury, akafungua karakana; moto ukaiteketeza, akajenga nyingine, nayo ikaungua. Madeni yakamwandama hadi mwaka 1836 akahamia kijiji cha Grand Detour, Illinois.

Huko aliwakuta wakulima wakilalamikia udongo. Plau walizotoka nazo mashariki zilifaa ardhi ya kichanga, lakini ule udongo mweusi wa mbuga uliganda kwenye chuma kama ugali kwenye mwiko, na kila baada ya hatua chache mtu alilazimika kusimama akwangue. Mwaka 1837 Deere alichukua bamba la msumeno uliovunjika, akalipinda, akalisugua hadi likang'aa. Udongo ukateleza wenyewe. (Tusisahau ilikuwa ardhi ya nani: wenyeji wake wa asili, Wasauk na Wameskwaki, walikuwa wamefukuzwa kwa vita vilivyoisha mwaka 1832.)

Mwaka 1848 alihamia Moline, kando ya Mississippi, mto uliozungusha mitambo na kubeba mizigo. Plau zake zikaitwa kwa jina la mji. Jirani zake, Candee, Swan na wenzao, nao wakatengeneza plau na kuziita za Moline. Deere akawashtaki mwaka 1867. Mwanzo alishinda, lakini Mahakama Kuu ya Illinois ikaitengua hukumu: jina la mji ni la wote wanaofanya kazi humo. Wapinzani wake wakapata nguvu, wakajiita Moline Plow Company.

Mtu mwingine angenuna, akahama na viwanda vyake. Deere alibaki. Mwaka 1873 akachaguliwa kuwa meya, na hivyo akawa meya wa hao washindani wake pia. Kwangu mimi, hapa ndipo maisha yake yanaponoga kuliko kwenye ule msumeno. Uongozi wake haukuwa wa hotuba. Alishughulikia yale ambayo mkazi huyaona akifungua mlango: mitaro ya wazi ikabadilishwa kwa mabomba ya majitaka, ardhi ikanunuliwa kwa ajili ya bustani ya umma. Nje ya ofisi hiyo alikuwa rais wa benki ya mji, mjumbe wa bodi ya maktaba ya umma na mdhamini wa kanisa lake. Kiwanda alikuwa amekwisha kumwachia mwanawe Charles, mfanyabiashara hodari kuliko yeye, kwa hiyo nafasi alikuwa nayo.

Afya ndiyo iliyomwangusha. Alisumbuliwa na maumivu ya kifua na kuhara damu, ugonjwa unaotokana na uchafu uleule aliokuwa akiuondoa mitaani. Baada ya miaka miwili madarakani, alikataa kugombea tena.