Likeri ya machungwa na fraizi: namna ninaitengeneza hapa Kavumu, na kwa nini siwekemo lutuku

Wengi mliniandikia mukiuliza juu ya zile chupa nilizoleta kwenye sherehe ya wafinalisti: "Ni nini ile? Unaitengeneza aje? Inauzwa?" Nilijibu watu watatu, wanne, kisha nikachoka. Basi naandika mara moja kwa wote, pamoja na mambo ambayo sikuyasema siku ile juu muziki ulikuwa na nguvu sana.

Nianze na sababu. Miye nilimaliza agronomi, diploma iko mu sanduku, na kazi munajua wenyewe. Jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba dogo nyuma ya barabara kubwa, analima fraizi. Zamani alikuwa anauzia watu wanaoenda na wanaotoka uwanja wa ndege. Februari 2025 ndege za abiria zikakoma, na fraizi haina subira. Ukiivuna asubuhi, kesho iko laini, kesho kutwa ina ukungu. Asubuhi moja nilimukuta anamwagia nguruwe ndoo nzima. Nikamwambia: "Mama, unipe hizo, nitakulipa nikiuza." Akaniangalia. Akasema: "Mutoto yangu, umesoma miaka yote ile juu ya kununua fraizi za nguruwe?" Lakini alinipa.

Nilijua neno moja tu: alkoli inahifadhi matunda. Wafaransa wanafanya hivyo na matunda madogo meusi ya kasisi huko Dijon, Waitalia na maganda ya ndimu huko Sorrento, wanaiita limoncello. Likeri si pombe ya kuchachusha kama kasiksi yetu. Kasiksi, ndizi zenyewe njo zinageuka pombe: sukari yao inaliwa na hamira, unga wa mtama unasaidia, siku mbili tatu unakunywa. Kwa likeri hakuna kuchacha hata kidogo. Unachukua alkoli iliyokwisha kuwa tayari, unalowekamo tunda ili litoe harufu, rangi na ladha, kisha unatia sukari. Sheria za Ulaya zinasema isipungue degre 15 za alkoli na gramu 100 za sukari kwa litri. Zile nzito wanazoziita "krimu" zinafika gramu 250, na ile ya kasisi gramu 400.

Sasa, kosa langu la kwanza. Alkoli ya bei rahisi kwetu ni lutuku. Nilinunua bidoni ya litri tano, nikajaza fraizi nyingi, sukari kidogo (bei ya sukari!), nikafunga vizuri sana, nikapanga chupa saluni nyuma ya kiti cha mama. Mama ni wa kwaya, kwao pombe haiingii nyumbani, na miye nilimwambia ni siro. Wiki ya pili, wamama wa kanisa wako wamekaa, wanaomba, tukasikia: pah! Kizibo kiligonga plafo. Kisha cha pili. Fraizi nyekundu ikatiririka kwenye ukuta kama kumechinjwa mbuzi. Mama hakusema kitu mbele ya wageni, na miye nilijua huo ukimya maana yake nini.

Ilitokea nini? Ni hesabu tu, na ni aibu kwa mutu wa agronomi. Fraizi ni maji, karibu asilimia 90. Ukiweka kilo moja ya fraizi katika litri moja ya alkoli, umeongeza karibu litri moja ya maji. Kama alkoli yako ilikuwa degre 40, sasa iko karibu na 20. Kama ile lutuku ilikuwa 25, na miye sikuwa nimeipima, umebakia na 12 au 13. Chini ya degre 15 hamira za kwenye ngozi ya tunda bado zinaweza kuishi, zinakuta sukari, zinaanza kazi, zinatoa gazi, na chupa imefungwa. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote: alkoli safi iliyomo, gawanya kwa ujazo wote wa mwisho. Ikishuka chini ya 20, usifunge chupa.

Na lutuku yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, juu watu wengi wa rika letu wananiambia, "Ee, weka lutuku, iwake tu kwenye kijiko, kama inawaka ni nzuri." Bandugu, moto unaonyesha kwamba kuna alkoli nyingi. Hauonyeshi ni alkoli gani. Methanoli nayo inawaka, tena bila shida. Harufu yake iko karibu sawa, ulimi hauitofautishi. Ukinywa, mwili unaigeuza kuwa asidi ambayo inaenda kushambulia mshipa wa macho. Mililitri 10 zinaweza kukupofusha, 30 zinaweza kukuua. Na ubaya mwingine: haileti taabu papo hapo. Unalala kama mulevi yeyote, na kesho yake, saa 12 hata 24 baadaye, unaanza kuona ukungu mweupe, tumbo linauma, unapumua haraka. Watu wanasema "ni hangover", wanakuachia ulale. Mutu wa namna hiyo anapelekwa hospitali mara moja, si maziwa, si supu.

Tuseme ukweli pia kwa wamama wetu wanaotengeneza lutuku: muhogo na mahindi ukivichachusha na kuvipika havitoi methanoli nyingi. Vifo vikubwa vilivyojulikana kwa kawaida vinatoka kwa muchuuzi aliyeongeza alkoli ya kiwandani ili bidoni ijae. Uganda mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale (Kabale, si Kabare yetu), watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Kenya, Mei 2014, zaidi ya 60. Bidoni inapita mikononi mwa watu watatu, wanne kabla ya kukufikia, na wewe humujui wa pili. Tena kuna mitungi na mabomba ya kupikia yaliyounganishwa kwa risasi, nayo inaingia polepole katika kinywaji. Kijana niliyesoma naye primeri, hapa hapa, leo anaongozwa na mudogo wake kwenda sokoni. Alikunywa nini ile siku, hakuna aliyejua, hata yeye. Ile bidoni yangu nilimwaga yote iliyobaki. Watu walinicheka: franga zinamwagwa!

Alkoli ya farmasi, ile ya kusafisha vidonda, usiitumie pia. Nyingine imetiwa vitu makusudi ili isinywewe, na ile ya kuwashia jiko inaweza kuwa na methanoli ndani. Nanunua vodka ya kawaida ya degre 40, chupa iliyofungwa, kwenye duka linalojulikana Bukavu. Ni ghali. Njo sababu likeri yangu haitakuwa bei ya lutuku, na sitaki iwe.

Sasa kazi yenyewe. Machungwa kwanza, juu ni rahisi na haikudanganyi. Osha kwa maji ya moto, sugua kwa brosi, kausha. Kisha menya ile ngozi ya rangi tu, nyembamba sana, kwa kisu kikali. Harufu ya chungwa haiko katika maji yake. Iko katika vifuko vidogo vya mafuta ndani ya ngozi ya nje. Bana ganda karibu na mushumaa, utaona cheche. Yale mafuta hayakubali maji, yanakubali alkoli. Lakini ile nyama nyeupe iliyo chini ya rangi ni chungu, na uchungu wake nao unapenda alkoli. Kama upande wa ndani wa ganda lako uko mweupe, kwangua. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikapata dawa ya minyoo.

Maganda ya machungwa sita na mandarina mbili katika litri moja ya vodka, ndani ya bokale ya kioo (plastiki hapana, alkoli inakula harufu yake), mahali pa giza, siku kumi. Tikisa kila siku ukikumbuka. Maganda yatapauka na kuvunjika kama karatasi: yamekwisha kutoa. Chuja. Pika siro ya gramu 300 za sukari na maji mililitri 400, iache ipoe kabisa, kisha changanya. Utapata litri moja na nusu na kidogo, degre kama 25, sukari kama gramu 190 kwa litri. Sisi hapa tuko karibu metre 1.700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye degre 94 hivi, haibadilishi kitu kwa siro, ila usishangae termometa isipofika 100. Ukitia siro, likeri inaweza kugeuka mawingu. Wengi wanafikiri imeharibika. Hapana, ni yale mafuta, yameona maji yamezidi, yanajikusanya matone madogo. Inanywewa vilevile. Na machungwa yaliyomenywa usiyatupe: kwetu mama anakamua juisi, na hapo njo tulianza kusalimiana tena.

Fraizi ni kinyume: hapo utamu uko ndani, na rangi inakimbia. Gramu 700 zilizoiva vizuri, bila hata moja yenye ukungu, toa kikonyo baada ya kuosha, si mbele, juu ukikitoa mbele tunda linanywa maji. Gramu 300 za sukari juu yake, usiku mmoja. Asubuhi zimeogelea katika juisi yao. Mwagia litri moja ya vodka. Muhimu ni moja: hakuna fraizi inayotoa kichwa nje. Inayoelea juu hewani inageuka kahawia na kuota ukungu. Natia sahani ndogo safi kuzizamisha. Wiki mbili tu. Ukiziacha miezi, mbegu zinaleta uchungu na ile nyekundu inakuwa rangi ya chai. Chuja kwa kitambaa bila kukamua (ukikamua, itakuwa na matope ambayo hayatulii), acha itulie siku mbili, chuja tena. Inabakia degre 22 hivi. Weka gizani. Kwa muanga wa dirisha ile rangi nzuri haimalizi mwezi.

Kwa wale wa botaniki, najua mutanirukia: kwa kitabu chungwa ni beri na fraizi si beri. Ni kweli. Maracuja pia ni beri, na niliijaribu, ni nzuri kuliko zote mbili, lakini bei yake sokoni sasa hivi inaniogopesha.

Kuhusu kupima: rafiki mmoja wa laboratwari aliniazima kipima-alkoli, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Nilikitia katika likeri iliyokwisha kuwa na sukari, kikapanda, hakikusoma hata degre moja. Karibu nilie. Kile kijiti kinajua maji na alkoli tu; sukari inafanya kinywaji kiwe kizito, kijiti kinapanda, kinasoma uongo. Pima vodka mbele ya kutia kitu, karibu na degre 20 za joto, kisha piga hesabu kama nilivyosema juu. Tena kijiti hicho hakionyeshi methanoli. Hiyo inapimwa na mashine ya laboratwari, na ukitaka kuuza dukani, si kwa marafiki tu, lazima upite OCC. Miye bado. Sijakusanya franga za kufika pale, na sitauza dukani mbele ya hapo.

Kuna jambo moja ambalo limenisumbua kuliko kizibo cha saluni. Vijana wa hapa wanakunywa toka asubuhi. Likeri ni tamu, inashuka kama juisi, na degre 22 ni mara nne ya bia. Mama aliniuliza hivyo hivyo: "Unawatengenezea watoto wa watu nini?" Nilimwambia ni glasi ndogo, ya baada ya chakula, ya sherehe. Akasema, "Andika." Kwa hiyo kila chupa sasa ina etiketi kwa mukono: tarehe, tunda, vodka, sukari, na DEGRE kwa herufi kubwa kuliko jina. Kwa chupa ndogo za mililitri 250, si litri. Walevi hawazitaki, wanasema ni chache na ghali, na hilo limenifurahisha kuliko sifa zote.

Mama jirani nimemulipa deni la ndoo tatu za kwanza. Jumamosi kuna harusi Miti, wamechukua chupa kumi na mbili, sita za chungwa, sita za fraizi. Jana alipita na ndoo ya nne, akaiweka mulangoni, akauliza kama mutu wa nguruwe yuko. Mama akamujibu toka jikoni: "Yuko, anakwangua maganda."